Programu Iliyosema Shikamoo

Nilipunguzwa kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, mwaka ule shamba lilipopata mmiliki mpya. Kabla ya hapo lilikuwa la serikali, na kabla ya serikali lilikuwa la mtu mwingine ambaye wazee walimkumbuka kwa farasi wake. Mmiliki mpya alileta kompyuta ofisini. Mimi nilikuwa mpiga chapa, nikafundishwa kuitumia. Kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta hiyo ilikuwa kuchapa barua za kupunguza wafanyakazi, na barua ya mwisho ilikuwa yangu. Niliichapa vizuri, bila kosa hata moja, nikaipeleka isainiwe.

Nikarudi nyumbani Kerenge kwa baba. Baba alikuwa muuza duka la ushirika mpaka ushirika wenyewe ulipokwisha. Ulipokwisha, hakuhama. Aliendelea kuuza mafuta ya taa, sabuni na chumvi katika chumba kile kile, ila sasa lilikuwa duka lake. Alisema tofauti kubwa aliyoiona ni kwamba siku hizi bidhaa zipo na wateja hawapo.

Nilikaa naye mavuno mawili ya mahindi. Kisha karani mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja shambani akaleta habari kwamba pale Korogwe mjini kuna Daktari, mama wa makamo kutoka chuo kikuu, anatafuta mtu anayechapa haraka. Nikavaa sketi yangu ya ofisini nikaenda.

Nyumba aliyopanga ilikuwa nyuma ya stendi. Nje kulikuwa na watu wamekaa kwenye benchi wakisubiri, mmoja ameshika shavu, mwingine ameshika mgongo. Nikadhani wanatafuta kazi. Kumbe walikuwa wamesikia neno daktari. Kila asubuhi aliwaeleza kwamba yeye si daktari wa sindano, ni daktari wa saikolojia. Mzee mmoja akamwuliza saikolojia iko sehemu gani ya mwili. Daktari akafikiri, akasema kichwani, na mzee akasema basi amefika mahali sahihi, maana kichwa nacho kinamuuma.

"Shikamoo, Daktari," nikasema zamu yangu ilipofika.

"Marahaba, binti. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nachapa."

Akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mwajiri. Akaniketisha mbele ya laptopu, akanipa ukurasa wa gazeti nichape, na yeye akasimama nyuma yangu ameshika saa ya kupimia mbio. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipima muda wa kila kitu, hata wa chai kuchemka. Nilipomaliza akasema, "Kesho saa moja."

Utafiti wake ulikuwa hivi. Alitaka kujua kama mtu anayechunga ng'ombe maisha yake yote, akiwatazama kutwa asipotee hata mmoja, huwahi kuona badiliko dogo katika picha kuliko mtu anayeuza dukani. Wachungaji tungewapata kwenye tambarare za Handeni. Wauzaji tungewapata sokoni Korogwe. Kila mmoja angeketi mbele ya laptopu na kuonyeshwa picha, kisha ile ile tena, na mara nyingine ya pili ingekuwa na kitu kilichobadilishwa. Akiona badiliko, anabonyeza kitufe tulichokibandika karatasi nyekundu. Kompyuta inapima amechukua muda gani, kwa vipande vya sekunde ambavyo binadamu hawezi kuvihesabu. Timu ilikuwa watu watatu: Daktari, mimi, na dereva, ambaye alikuwa Mzigua wa Handeni na alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

Programu ya kuendeshea majaribio hayo Daktari aliinunua Ulaya. Ilikuja na kipande cha plastiki cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Bila kipande hicho, programu haifunguki. Ndiyo njia ya wauzaji kuhakikisha hakuna anayeitumia bila kulipa. Wiki ya kwanza, njiani kwenda Handeni, gari lilitumbukia kwenye shimo, begi likaanguka, na tulipolifungua kipande kilikuwa vipande. Dereva alijitolea kukiunga kwa gundi ya viatu. Akakiunga vizuri kabisa. Programu haikufunguka.

Daktari aliwaandikia wauzaji. Wakajibu kwa heshima nyingi kwamba wanasikitika, na kwamba anunue programu upya. Alisoma jibu hilo akiwa amesimama, akakunja karatasi, akasema, "Hapana."

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya programu huria. Kulikuwa na kijana mmoja, mwanafunzi katika nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, ambaye alikuwa ameandika programu ya kuendeshea majaribio ya saikolojia na kuiweka kwenye mtandao pamoja na maandishi yake yote ya ndani, zile amri za mstari kwa mstari zinazoiambia kompyuta la kufanya. Yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Ilikuwa haijakamilika. Kijana mwenyewe aliandika hivyo juu kabisa: haijakamilika, karibuni tusaidiane.

"Wewe utaimalizia," Daktari akaniambia.

"Mimi sijui kuandika programu, Daktari."

"Kuandika programu ni kuchapa na kufikiri. Kuchapa unajua tayari."

Alinipa kitabu kinene cha Kiingereza na akaniacha nacho. Miezi miwili ya kwanza nilielewa viunganishi tu. Nilichapa mifano ya kitabu, kompyuta ikakataa, nikachapa tena. Ofisini nilizoea kwamba ukikosea herufi moja katika barua, bosi bado anaelewa unachosema. Kompyuta haikuelewa. Ukisahau nukta moja, inasimama kabisa na kulalamikia mstari mwingine usiohusika. Nililia mara moja, chooni, kwa sababu ya mabano. Kisha siku moja nilichapa mistari kadhaa, nikabonyeza, na duara jeupe likatokea katikati ya kioo, likakaa kidogo, likatoweka, kama nilivyoliamuru. Nikaliita tena. Likaja. Nilitoka uani nikamwambia dereva aje aone. Akalitazama duara lile likija na kuondoka, akauliza, "Halafu?"

Korogwe kulikuwa na intaneti kafe moja, na simu ikiita dukani jirani mtandao wa kafe unakatika. Kwa hiyo mafaili makubwa tuliyatia kwenye disketi, disketi tukaitia kwenye bahasha, bahasha tukampa kondakta wa basi la Tanga, na huko rafiki wa Daktari akayatuma kwa kijana wa Ulaya. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Safari moja disketi ilipitiliza ikaenda Moshi. Iliporudi ilinuka vitunguu, lakini ilisomeka.

Majaribio ya kwanza tuliyafanyia sokoni Korogwe. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mama mwenye haraka zake, alitoa majibu ya ajabu. Kwa mujibu wa programu, alikuwa anabonyeza kitufe kabla picha haijatokea. Muda wake ulisomeka chini ya sifuri. Daktari akasema haiwezekani mtu kujibu kabla hajaulizwa.

"Huyo namfahamu," dereva akasema. "Ndivyo alivyo."

Nilichunguza maandishi ya programu kwa siku nyingi, nikigeuza hiki na kile. Mwishowe nikagundua kwamba mama yule, kwa kukosa subira, alibonyeza kitufe mara kadhaa kati ya picha na picha, na kompyuta ikayahifadhi yale mabonyezo pembeni. Picha ilipotokea, ikachukua bonyezo la zamani ikalihesabu kuwa jibu. Nikaongeza amri ndogo: kabla ya kila picha, tupa yote yaliyobonyezwa. Nilimtumia kijana wa Ulaya amri hiyo. Alijibu kwamba tatizo hilo lilikuwa limemsumbua muda mrefu, na akaniuliza niko chuo gani. Nikamwandikia kwamba niko nyuma ya stendi.

Tukaenda Handeni na programu yetu. Barabara ya siku zile ilikuwa ya vumbi, na laptopu niliipakata njia nzima nimeifunika kanga. Kwenye boma la wafugaji tulipofikia, wa kwanza kukubali alikuwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wengi, mjane, ambaye wanawe wote walimsikiliza. Kiswahili alikijua vizuri kuliko alivyopenda kukionyesha. Tukaunganisha laptopu na betri ya gari, chini ya turubai. Kwa kuwa washiriki wengi hawakusoma, maelekezo tulikuwa tumeyarekodi kwa sauti yangu. Nikamsalimia bibi, akaitikia, akaketi. Nikaanzisha programu.

"Tazama picha," sauti yangu ikasema kutoka ndani. "Ukiona kitu kimebadilika, bonyeza kitufe chekundu."

Bibi hakubonyeza kitu. Akauliza, "Nani huyo anayesema?"

"Ni mimi, bibi."

"Wewe umenisalimia. Huyu hajasalimia."

"Ni sauti yangu mwenyewe, bibi. Imehifadhiwa humo."

Akanitazama, akaitazama laptopu. "Basi ukiwa nje una adabu, na ukiwa humo ndani huna." Akasimama, akajifunga shuka lake, akaenda kuwaangalia ndama.

Wanawe, waliokuwa wamejipanga kumfuata, nao wakaondoka mmoja mmoja. Tulibaki sisi watatu chini ya turubai na picha ya ng'ombe kwenye kioo. Nilisubiri Daktari acheke au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Ana haki. Mashine imemfikia mtu mzima nyumbani kwake ikaanza na amri." Tukafungasha tukarudi Korogwe.

Kutia shikamoo kwenye programu nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ikanichukua wiki. Kwanza, haifai kumwamkia kila mtu shikamoo. Kijana wa miaka kumi na tisa akiambiwa shikamoo na sauti yangu atadhani anadhihakiwa. Kwa hiyo programu ilibidi ijue umri wa anayeketi mbele yake, na ijue pia umri wa mwenye sauti, ilinganishe, kisha iamue. Pili, ukishasema shikamoo, mtu anaitikia marahaba, na haishii hapo. Tulipomjaribisha baba kule Kerenge, aliitikia, akauliza hujambo, akauliza habari za huko utokako, akanyamaza kusubiri. Programu nayo ikanyamaza. Walitazamana muda mrefu.

"Imekasirika?" baba akauliza.

Ikabidi niirekodi upya, niongeze maneno ya kumalizia salamu kwa heshima: "Huko nitokako ni kwema. Nimetumwa kazi, naomba tuanze." Halafu programu isubiri, bila kuhesabu muda, mpaka mtu mwenyewe abonyeze kuonyesha yuko tayari. Tulirekodi sebuleni, nyuma ya stendi, na mwishoni mwa neno tuanze linasikika honi ya basi. Hatukuwa na muda wa kurudia. Kwa mwaka mzima uliofuata, washiriki wetu waligeuka kutazama barabarani kabla ya kuanza, hata pale pasipokuwa na barabara.

Usiku wa siku ile tulipomjaribisha Kerenge, tukila ugali, baba aliniuliza programu ile ni ya nani.

"Ni ya kila mtu," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Ya kila mtu namna gani?"

"Mtu yeyote anaichukua bure. Ukiona kasoro unarekebisha, na wengine wote wanapata ulichorekebisha."

"Na anayeisimamia?"

"Yule kijana wa Ulaya, kwa kujitolea. Na sisi wengine."

Baba akalitazama duka lake kupitia mlango wa kati, akatazama rafu. "Sisi tulikuwa nacho kitu cha kila mtu," akasema taratibu. "Kila mtu alichukua. Kurekebisha hakuja mtu."

Nikamweleza kwamba hii ni tofauti, kwa kuwa programu ukiichukua haipungui. Ukichukua kilo ya sukari, rafu imepungua kilo. Ukichukua programu, bado ipo. Alilifikiria jambo hilo mpaka akamaliza kula, akanawa, akasema kwamba kama ushirika ungekuwa na sukari ya namna hiyo, ungekuwepo mpaka leo. Sikumbuki mara nyingine ambayo baba aliielewa kazi yangu upesi hivyo.

Tuliporudi kwa yule bibi, alikubali kuketi mara ya pili kwa sababu tulimletea majani ya chai. Programu ikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, ikasema imetumwa kazi, akasema, "Haya, sema." Kisha akaanza kubonyeza. Alibonyeza kwenye kila picha, iliyobadilika na isiyobadilika. Baada ya muda nikasimamisha.

"Hapa umeona nini kimebadilika, bibi?"

"Hakijabadilika kitu."

"Mbona umebonyeza?"

"Huyu wa kushoto anaumwa," akasema, akigusa kioo kwa kucha. "Tazama masikio. Na yule wa picha ya kabla yake kwato zimeoza. Lazima mtu aambiwe."

Picha hizo Daktari alizipiga mwenyewe Mnyuzi, pembeni ya reli, kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba ng'ombe wake ni wazima. Wanawe bibi walipokuja kutazama, wakakubaliana na mama yao, wakaongeza na ugonjwa ambao yeye hakuuona. Tuliwapiga picha ng'ombe wengine, wa bibi mwenyewe, ambao hakuna aliyethubutu kusema wanaumwa. Baada ya hapo kazi ilikwenda. Jamaa wengine wa maboma ya jirani walikuja, wakaamkiwa, wakabonyeza, wakanywa chai. Jua likizidi laptopu ilijizima yenyewe, na sote tulipumzika mpaka ipoe.

Kijana wa Ulaya nilimtumia sehemu ile ya salamu pamoja na maelezo. Niliipa jina "salamu", kwa sababu sikujua jina lingine. Akajibu akiuliza kwa nini programu ihitaji umri wa sauti. Nikamweleza. Akauliza itakuwaje umri ukilingana. Swali lilikuwa la haki, nikampelekea baba. Baba akasema watu wakilingana umri inatazamwa nani mkubwa kwa ukoo, kwa mfano mjomba anaweza kuwa mdogo kwa miaka lakini akabaki mjomba. Nilitafsiri yote hayo. Kijana akaandika kwamba amesoma kwa makini, na kwamba ukoo ataomba tuuache kwa sasa. Salamu akaiweka kwenye toleo lililofuata, imezimwa, na anayeitaka anaiwasha.

Sikutegemea mtu mwingine aiwashe. Lakini baadaye mwanamke mmoja kutoka Korea aliniandikia barua pepe ndefu. Kwao pia, alisema, maneno hubadilika kulingana na unayezungumza naye, na wazee waliokuja maabara kwake walikuwa wakichukizwa na maelekezo ya kompyuta. Alikuwa amechukua sehemu yangu akaipanua mara dufu. Ndani yake, kila mahali, neno salamu lilikuwa pale pale kwa Kiswahili. Aliniuliza lina maana gani. Alikuwa amelitumia kwa miezi kadhaa bila kujua, akidhani ni kifupisho cha kitu cha kitaalamu.

Matokeo ya utafiti wetu yalikuwa kwamba hakuna tofauti. Wachungaji wa Handeni na wauzaji wa Korogwe waliona mabadiliko kwa muda ule ule. Nilipoyaona majibu kwenye kioo nilijisikia kama mtu aliyetembea mpaka Lushoto kumtembelea mtu asiyekuwepo. Vumbi lote lile, wale ng'ombe wote. Nilimwambia Daktari samahani, sijui kwa nini, kana kwamba nilikuwa nimemwekea matokeo mabaya.

"Samahani ya nini?" akasema. "Hakuna tofauti nalo ni jibu. Watu wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi bila kwenda kuuliza." Alifunga mizigo yake wiki hiyo. Laptopu aliniachia, na kitabu kinene, na lile benchi la nje. Wagonjwa waliendelea kuja kwa muda.

Nilipanga chumba karibu na soko nikaanza kufundisha kompyuta: mabinti waliotaka kazi za ofisi, na wanaume waliotaka kujua barua pepe. Jioni, nikishafunga, nilikaa nikasoma malalamiko ya watumiaji wa programu ile kutoka nchi ambazo nyingine niliziona kwenye ramani tu, nikarekebisha niliyoyaweza. Hakuna aliyenilipa. Mume wangu, tulipokuwa bado wachumba, aliniuliza kama watu hao wananijua. Nilisema wananijua kwa makosa yao. Alikubali kunioa hata hivyo.

Miaka ikapita. Siku moja Daktari alikuwa akisafiri kwenda Moshi kwa wanawe, na basi lake lilisimama Korogwe ili abiria wale chakula. Alinitumia ujumbe mapema, nikamngoja hotelini. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, lakini alipoketi alitazama saa ili ajue mhudumu atachukua muda gani kuleta chipsi.

"Bado unaandika?" akauliza.

"Bado, Daktari."

"Wanafunzi wangu wanaitumia programu yenu. Wanalalamika."

"Wanalalamikia nini?"

"Inakataa, hawajui kwa nini. Nikawaambia wamwandikie mtu wa Korogwe. Wanaogopa."

"Wanaogopa nini sasa?"

"Wanadhani ni Korogwe nyingine, iliyoko Ulaya."

Dereva wa basi akapiga honi. Nilimshika mkono Daktari mpaka mlangoni, akapanda na chipsi zake kwenye mfuko, akaniambia nisimpungie mkono kwa sababu jua linamwingia machoni hataona. Nikampungia.

Wiki iliyofuata nikapata barua pepe kutoka kwa mmoja wa wanafunzi hao, msichana. Ilikuwa kwa Kiingereza kigumu chenye heshima nyingi, na aliniita Bwana Profesa. Nilimjibu kwa Kiswahili, nikamwomba anitumie faili lake. Alikuwa amesahau kufunga mabano kwenye mstari wa kumi na kitu, na kompyuta ilikuwa inalalamikia mstari wa mwisho. Nikamwonyesha pa kutazama, nikamwambia asijali, na kwamba mimi mwenyewe niliwahi kulia.